Baba Riziki na Magunia Yaliyopotea

Fundi viatu yule hana mtoto anayeitwa Riziki. Jina la Baba Riziki alipewa na watu wa kando ya reli, enzi akiwa kijana mwenye mbio nyingi na akili haba. Treni ya mizigo ikipunguza mwendo kwenye kona, yeye hudandia, hupasua turubai na kusukuma magunia ya unga chini. Askari walimsaka wakachoka. Watoto wakamtungia nyimbo: mwizi asiyekula alichoiba!

Hapo kwenye kutokula, nyimbo zilisema kweli tupu. Mpango wake ulikuwa kurusha mzigo, kuruka mbele kidogo, kisha kurudi kwa miguu kuuzoa. Alisahau kwamba unga ukianguka mlangoni kwa mwenye njaa, haumsubiri mwenyewe. Kila akirudi, patupu. Kwake mkewe anachemsha maji matupu, anawaambia watoto, "Vumilieni, yanakaribia kuiva."

Siku hizi ukimwuliza habari za treni, hujaza misumari mdomoni na kugonga soli. Watu hutikisa vichwa: unyenyekevu ulioje!

Juzi wakamwandalia karamu ya kumshukuru kwa unga wa enzi zile. Viti vya plastiki, spika inayokoroma, na mwenyekiti ambaye tumbo lake halijawahi kukosa kamati. Kabla hawajatoka, mkewe alimfunga kifungo cha shati akisema, "Mzee, leo huna misumari. Ukijisifu uliwagawia, na wanangu walilala njaa, usirudi kwangu. Ukalale na sifa zako."

Alipoitwa kusema neno karamuni, mzee akasimama. "Jamani, sikuwagawia. Nilikuwa naiba kwa ajili ya watoto wangu. Nyinyi ndio mlioniibia mimi."

Bibi mmoja wa safu ya mbele akamkemea: "Nyamaza wewe! Unadhani hatukujua? Tulikuchungulia dirishani, unazunguka vichakani kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Tulicheka mpaka mbavu zikauma."

"Sasa nyimbo za nini?"

"Ulitaka tuwaambie watoto tumewalisha tulichokuibia wewe? Cha kupewa hakina lawama. Wewe usipokuwa mgawaji, sisi tunakuwa nani?"

Watu wakaangalia viatu vyao, vingi vimeshonwa na yeye.

Mkewe akaburuta kiti hadi meza kuu, akaketi mbele ya mwenyekiti. "Mwenzangu," akamwambia bibi, "unga wangu ulikuwa mtamu?"

Bibi akainamisha macho. "Mtamu, dada. Ulitulea."

"Haya, pakua. Na usinipimie."

Akala bila haraka, hakuna aliyethubutu kuhutubia. Alipofika sahani ya pili, ndipo akamsogezea mumewe kiti.