Filamu Yetu na Turubai la Msiba

Harufu ya turubai lililolowa hunitia hasira mpaka leo. Naweza kuwa sokoni nachagua mchicha, upepo ukaniletea ile harufu ya mpira na ukungu, na damu ikaanza kunichemka palepale. Miaka mingi nilidhani hasira hiyo ni ya filamu. Nisikilizeni, mtanielewa.

Nilikuwa kidato cha kwanza, na chama chetu cha filamu kilikuwa kimebakisha onyesho moja tu: msichana aliyeachishwa shule amekaa peke yake, analia. Tulikwenda kulipiga nyumbani kwa bibi yangu, Mishomoroni. Kamera Mwalimu Mutua aliiazima kwa mpiga picha wa harusi, na ilikuwa lazima irudi kwa mwenyewe magharibi. Kesho yake asubuhi filamu ilitakiwa mashindanoni. Ilikuwa ni siku ile au basi.

Ikaja mvua ya masika. Ndani hakukupigika kitu. Matone yalivyotwanga mabati, sauti ya Riziki, mwigizaji wetu, haikusikika hata akipiga ukelele. Maiki nayo ikaanza kukwaruza. Tukaivika sufi tuliyoichomoa kwenye mto wa bibi, tukaifunga na uzi, ikakubali. Betri ikawa inazima kila ikitikiswa, tukaibana na kipande cha ndala kuukuu. Tukiponya hili, lile linaharibika. Kimoyomoyo nilikuwa nimeshaitukana mvua matusi yote niliyoyajua, na mengine niliyatunga.

Mwalimu, mtu wa bara, akaona dawa ni kupiga nje, chini ya turubai. Akanituma mimi na Riziki kwa Bi Saumu, jirani aliyekuwa akiweka turubai la mtaa.

"Mwalipeleka wapi, mwanangu?" akaniuliza.

"Kwa bibi."

Akashika kifua. "Mungu awape subira."

Nikadhani anatuonea huruma kwa mvua. Nikaitikia amin, tena kwa sauti.

Ninyi wa kwetu mshajua tulichokifanya. Turubai lile lenye kiraka cha kijani halikuwa likitoka ila kwa msiba. Harusi zina mahema yake ya kukodi. Riziki ndio kwanza ameanza kulia vizuri, machozi ya kweli, nikaona wanawake wanaingia na mabuibui yao yanachuruzika maji, huyu na sufuria, yule na sukari. Wakamkumbatia Riziki, wakalia naye. Mwalimu Mutua alipiga kelele, "Kata! Kata!" na hakuna aliyejua akatwe nani.

Bibi akatoka ndani na mkongojo wake. "Nani kafa?"

Mmoja alitimua mbio akaacha kiatu. Waliobaki walicheka mpaka wakakaa chini, nami nikafurahi, nikijua sasa watatupisha. Lakini bibi hakucheka.

"Mshamwambia nani?"

Bi Saumu, kwa haya, akasema ameshampigia Mjomba Hamisi, mwana wa kiume wa pekee wa bibi, aliyekuwa akikaa Chaani, mji mmoja na sisi. Mjomba alikuwa hajatia mguu nyumbani kwa mamake tangu Idi mbili zilizopita. "Nimpigie nimwambie u mzima?"

"Usimpigie. Mwache aje."

Akavuta kiti akakiweka chini ya turubai, katikati kabisa ya picha yetu. Akakaa kuitazama njia.

"Bibi, sogea kidogo tu," nikamwambia. "Mwanga waondoka."

"Nangoja."

Nilimbembeleza, nikanuna, nikalia. Mwalimu naye akamwomba kwa heshima zote za bara na pwani. Wapi! Alikaa pale na nguo yake ya kushinda, majirani wamemzunguka wakinywa kahawa, kamera imesimama haina kazi. Nilimchukia, wallahi. Niliona kikongwe mbishi anayetuharibia kazi yetu kwa ukaidi tu.

Baada ya alasiri simu ya Bi Saumu ikalia mlio wa ujumbe. Akausoma, akaifunika simu kwa kiganja.

"Asemaje?" bibi akauliza.

"Asema njia imejaa maji, bibi."

Bibi akarudisha macho njiani. Ilipoadhiniwa magharibi, mwalimu akaifunga kamera kwenye begi. Bibi akainuka. "Haya, liondoeni turubai."

Filamu haikwenda popote. Nami nilimnunia bibi hata shikamoo yangu ikawa ya kulazimishwa, na yeye akawa ananiitikia marahaba vilevile kama siku zote.

Mwaka jana ndipo Bi Saumu aliponiambia ule ujumbe ulisema nini. Mjomba aliandika: "Zikeni, msiningoje. Nitakuja kwenye hitima."

Hitima, kile kisomo cha siku kadhaa baada ya maziko! Tena mamake mzazi! Nilimuuliza Bi Saumu kama bibi alijua. Akanitazama kama mpumbavu. "Yule ni mwanawe. Ataacha kujua?" Hapo ndipo nilipokielewa kile kiti. Mimi nilikuwa nikiulilia mwanga, na bibi amekaa mbele yangu akiangalia kama mwanawe atakuja kumzika. Hasira niliyomwekea yeye haikuwa yake hata kidogo.

Bibi alipofariki kweli, miezi michache iliyopita, Mjomba Hamisi alifika maiti haijaoshwa. Alilia kutushinda sote, watu wakamshika. Akanijia na mkono wa tanzia, macho mekundu.

"Umewahi sana, mjomba," nikamwambia, mikono yangu nimeikunja kifuani. "Hitima bado."