Ng'ombe Wanne Niliowageuza Hisa

Siku tulipouza hisa, nyumbani kwetu Kasoli tulikuwa watu wanne: mimi, mwanangu wa mwisho, aliyekuwa amechumbia, dada yake, na mume wa huyo dada, karani wa ofisi moja mjini Bariadi. Majina yao ninayo yote, hata ya babu zao, ila siyaandiki.

Mkwe wangu alikaa nje, nyuma ya ukuta wa jiko, maana kwetu mkwe hakai uso kwa uso na mama mkwe. Maneno yake aliyaleta binti yangu.

Mwaka uliotangulia tuliwapeleka mnadani ng'ombe wanne wa mahari ya binti yangu, mkwe akatununulia hisa. Alisema mahari ya kijana itakaa salama huko, na kila mwaka tutapata gawio. Mimi nilielewa ni kama ng'ombe uliompa mtu wa mbali akuchungie. Tena hawa hawaugui. Nikaridhika.

Ikaja korona. Gawio halikuja. Bei ya hisa ikashuka, ikashuka tena. Ng'ombe unamshika mbavu ukajua hali yake. Hawa ningewashika wapi?

Ndipo nikasema wauzwe. Wakati wa ukame ndivyo tunavyofanya: akianza kukonda unampeleka mnadani angali anatembea, usije ukabaki na ngozi.

Binti akatoka nje, akarudi kwangu mama yake. "Mayu, anasema hisa hazifi kwa njaa. Tungoje."

"Mwambie mimi nimechunga tangu sijaota meno ya mbele. Yeye amechunga makaratasi."

Kijana alicheka kidogo, kisha akatazama ukutani. Mahari ilikuwa yake. Nyuma ya ukuta mkwe akakohoa, na kwa siku zile sote tukashtuka. Hakubisha tena. Angebishanaje na mama mkwe? Akampigia simu dalali wa hisa, Dar es Salaam.

Tulichopata kikanunua ng'ombe wawili. Wazazi wa mchumba walitaka wanne. Wakangoja msimu mmoja wa pamba, kisha wakamwoza kwa mtu wa Bukundi. Baadaye binti akaniambia zile hisa zimepanda kupita tulipoanzia. Mkwe hakutuma neno la lawama. Angelituma, ningepata la kujibu.

Kijana hajaoa. Asubuhi akiwafungulia wale wawili, mimi natazama pembeni.

Huenda mkwe alisema tungoje mara mbili, nami nimeandika moja. Wewe unayesoma, kama ulikuwepo au ulisikia vingine, nisahihishe. Na yule wa nyuma ya ukuta aanze yeye. Nitakaa ndani, nimsikilize mpaka amalize.