Aliyekataa Muhula wa Tatu

Kabla ya kupiga deki Riyadh nilifundisha historia Machakos miaka sita, na hilo nalisema kwa majivuno, anayenuna anune. Shule yetu ilipofungwa, ajenti alinipeleka kwa familia moja mtaa wa Malaz. Mkataba wa miaka miwili, kisha mwingine. Wa pili ulikuwa umebakiza wiki tatu, nami nilimtaka mwanangu niliyemwacha kwa mamangu. Lakini kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, asiposaini ruhusa ya kutoka nchini, huendi popote, na mkewe, madam, alikuwa keshaamua: "Utaongeza wa tatu, halas, yameisha."

Wiki hiyo binti yao alipewa kazi shuleni: aeleze mbele ya darasa maisha ya rais wa kwanza wa Marekani. Nikamkuta jikoni analia. Alikuwa ameandika kwamba jemadari yule alishinda vita, akaongoza mihula miwili, kisha akapinduliwa.

"Nani alimpindua?" nikauliza.

"Sijui. Lakini mtu ataachaje kiti hivi hivi?"

Nilicheka hadi nikashika sinki. "Hata kwetu viti vina gundi!" nikamwambia. Nikavua glavu, nikamweleza: watu walimtaka aongeze muhula wa tatu, akakataa, akarudi shambani kwake. Waliomfuata wakaiheshimu desturi hiyo zaidi ya miaka mia.

"Na uandike kwamba shamba lenyewe lililimwa na watumwa," nikamwambia. "Aliacha wasia kwamba walio wake waachiliwe, lakini maisha yake yote walimtumikia. Mtu mkubwa haelezwi nusu."

Siku ya pili alijaribu hotuba yake sebuleni. Baba yake akamhoji, akajibu yote, hadi la watumwa.

"Nani kakufundisha?"

Akaninyooshea kidole, nimesimama na sinia ya chai. Wallahi nilihisi nimerefuka! Miaka minne nyumba ile, hakuna aliyewahi kuniuliza nilikuwa nani kwetu.

"Wewe ni mwalimu?" baba akasema. "Basi ndiyo sababu ya kubaki. Utakuwa unamfundisha."

Nikaweka sinia mezani.

"Ndiyo baba, ni mwalimu. Na nina mtoto wangu ambaye sijamfundisha hata herufi moja."

Madam akainamisha uso. Nikadhani nimeharibu. Kisha baba akamgeukia mkewe.

"Kesho nampeleka ofisi ya pasipoti, nimsainie ruhusa ya kutoka. Mwalimu arudi kwake."