Aliyeshika Kitambaa Kikavu

Mimi nimejitengeneza mwenyewe, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini. Niliondoka Bujumbura wakati wa vita, kijana mwenye viatu visivyolingana. Nikarudi kutoka Tanzania na diploma ya ujenzi, nikajenga Kibenga, kando ya ziwa, nyumba niliyoichora kwa mkono wangu. Wapita njia hupunguza mwendo wakiitazama. Kitu kimoja tu kilikuwa hakijakamilika: sikuwa nimebatizwa. Kanisa la wazazi wangu halibatizi watoto wachanga, na umri wangu wa kubatizwa ulinikuta katika kambi ya wakimbizi, nikitafuta shule kabla ya kumtafuta Mungu.

Mafundisho ya ubatizo yalikuwa Jumamosi alasiri. Nilikaa benchi moja na akina mama wauza nyanya na ndagala, dagaa wa ziwani, wa soko la Jabe. Nilijibu maswali vizuri kuliko wote. Mchungaji mwenyewe alikiri, ingawa aliongeza kwamba niwaachie na wengine nafasi ya kukosea.

Jambo lenyewe nililielewa upesi, kwa sababu linafanana na kazi yangu. Ukuta wenye unyevu ndani hauponi kwa rangi. Utaupaka leo, na mvua zikirudi rangi inabanduka. Ndivyo alivyo binadamu. Maji ya ziwa si sabuni ya dhambi. Anayesafisha ni Roho, naye anaanzia ndani, kwenye msingi. Kuzamishwa ni kuonyesha mbele ya watu kwamba yule wa zamani amekufa na kuzikwa, na anayeibuka ni mwingine.

Ila kanisa letu lina desturi moja. Anayetoka majini hupokelewa na mtu wa damu yake mwenye kitambaa kikavu. Mke hahesabiwi, watoto hawahesabiwi. Anatakiwa mtu aliyekujua tangu zamani, kwa sababu asiyemjua wa zamani atamshuhudiaje mpya? Asiye na ndugu hupokelewa na shemasi mwenye taulo la kanisa, na kila aliye ufukweni anajua maana yake: huyu hana watu. Sikurudi nchini kwangu ili nionekane sina watu.

Wazazi wetu wamekwisha kufariki. Nimebaki na kaka yangu mmoja, na yeye ni Mwislamu. Alisilimu nilipokuwa uhamishoni, alipooa katika familia ya Kiarabu yenye maduka ya siku nyingi, na sasa ana duka lake la vitambaa Jabe. Tangu nirudi hatujawahi kugombana, wala hatujawahi kuzungumza, zaidi ya salamu za arusini.

Nilimkuta dukani na mkasi mkononi.

"Mujenzi wa Kibenga," alisema bila kuinua kichwa. "Leo umepotea njia?"

"Shikamoo, mukubwa."

"Marahaba, Mutanzania."

Nilimweleza desturi yetu na nilichokuja kumwomba. Akacheka kidogo.

"Mi natawadha mara tano kwa siku, mudogo. We unaingia mara moja tu, unasema umemaliza?"

"Kwenu ni kujitayarisha kwa sala. Hii ya kwetu ni kufa. Mutu hafi mara tano kwa siku."

Mkasi ukasimama. "Ni maziko?"

"Ni maziko. Halafu unafufuka."

"Hiyo ya kufufuka ni ya kwenu. Lakini maziko najua." Akaendelea kukata mpaka mwisho wa kitambaa. "Ya baba nilisimamia peke yangu."

Mimi nilikuwa ng'ambo ya mpaka uliofungwa, na yeye alilijua hilo. Wala hakulisema kwa ubaya. Aliingia mteja, nikaaga. Hakuwa amesema ndiyo, hakuwa amesema hapana.

Nilimuuliza mchungaji kama Mwislamu anaruhusiwa. Alifikiri, kisha akasema, "Kazi yake ni kukukausha, siyo kukubatiza. Mwache aje."

Jumapili asubuhi tulikusanyika ufukweni Kibenga. Mtu mmoja alitangulia kuangalia viboko, akarudi akasema leo wako mbali. Akina mama wa Jabe waliingia mmoja mmoja, wakatoka wakipokelewa na dada, shangazi, binamu. Kila nilipogeuka kuitazama njia, niliona mbuzi. Zamu yangu ilipokaribia, shemasi alianza kulikunjua taulo la kanisa, la kijani lililofifia.

Ushuhuda wangu nilikuwa nimeuandaa wa sehemu tatu. Mchungaji aliniomba sehemu moja. Nikasema ninaamini, akanizamisha. Chini ya maji hakuna sauti, na hakuna anayejua una diploma. Sikuona vibaya. Nilikaa pale muda mfupi nikiwa si kitu, nikiwa mwepesi, mpaka mkono wake ukaninyanyua.

Nilitembea kuelekea nchi kavu maji yakinijaa machoni. Kitambaa kikanishukia mabegani, kigumu, kikinukia wanga wa dukani. Taulo la kanisa halikuwa na harufu hiyo.

"Simama vizuri," sauti ikasema. "Unatetemeka kama kuku."

Kaka yangu alikuwa na kofia yake kichwani, suruali ameikunja, miguu ndani ya maji. Nilimwambia nilidhani hatakuja.

"Apana. Maziko ya ndugu sikosi." Akanikausha nyuma ya masikio, kwa nguvu ile ile ya utotoni, mama alipokuwa akimtuma anioshe. "Nimekata kwenye jora lile lile ninalokatia watu sanda. Si ulisema unakufa?"

Mama mmoja wa nyanya alicheka mpaka akakaa mchangani. Lakini wote waliona: wao walipokelewa kwa mataulo ya zamani, mimi kwa kitambaa kipya cheupe.

Tulikwenda kula kwangu. Kaka aliizunguka nyumba yote, akagonga kuta, akasema, "Baba angeipenda." Adhuhuri ilipofika akaomba maji ya kutawadha. Bomba langu hutoa maji hata siku ambayo mtaa mzima umekauka, lakini nilichukua birika nikammiminia mwenyewe, mikono, uso, miguu. Kitambaa kile kilikuwa kimeanikwa juani na kimeshakauka. Nikakichukua, nikasimama kando nikimsubiri ainuke, nimkaushe.