Usiinyooshe Paipu ya Mama Atieno

Siku ile ya paipu naikumbuka mpaka matope yake, mwanangu, na leo nitakusimulia kwa sababu ya picha uliyonionyesha Jumamosi. Ile ya reli, pale Kisumu Ndogo. Picha ni safi, sikatai. Vyuma viwili vinaanzia miguuni pa anayetazama, vinapita katikati ya mabati, na jicho linavifuata lenyewe bila kuambiwa. Nikakuuliza mbona kando ya reli hakuna mtu, na pale kila siku kumejaa wauzaji wa samaki na mboga? Ukacheka ukasema, "Shosho, nilimwambia yule mama wa omena asongeshe beseni kidogo. Alikuwa ananiharibia laini."

Nilishikwa na hasira, na mimi nikikasirika husema maneno mengi ya bure. Nikakupa chai ukaenda zako. Sasa hasira imeisha. Kaa hapo, weka simu chini, umsikilize nyanya yako.

Nilikuwa wa rika lako, nimemaliza shule na sina kazi, nikapokelewa na Mzee Kimani aliyekuwa na studio ya picha hapa hapa Kawangware. Mzee Kimani alikuwa mwenye ploti. Alizaliwa huku wakati bado ni mashamba ya mahindi, na nyumba zake za kupangisha zilimtosha kabisa. Studio aliifungua kwa kupenda tu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache aliyatoa kwa shingo upande.

Wakati huo kamera ni ya filamu. Unapiga leo, picha unaosha baadaye, na ukikosea umekosea. Kila picha ya mandhari niliyompelekea, Mzee aliilaza mezani, akaweka kidole ukingoni upande wa chini, kisha akakiacha kitembee. Kidole kilifuata chochote chenye mstari: ukuta, njia, waya wa stima, hata mtaro wa maji machafu. Alisema jicho la mtu huingia kwenye picha vivyo hivyo. "Jicho ni mgeni," alikuwa akiniambia. "Mgeni akiingia kwako unamwonyesha njia mpaka kwa kiti. Humwachi amesimama mlangoni."

Basi siku moja nikampelekea picha ya reli, karibu sawa na hiyo yako. Nilijua leo lazima nitasifiwa. Kidole kikapanda na reli, kikapanda, kikapita mabati yote, kikatokea juu ya picha na kutua mezani.

"Sasa niko wapi?" akaniuliza.

"Kwa meza, Mzee."

"Eeh. Umenipitisha kwako mbio mbio ukanitoa nje. Hata chai sijapewa."

Wacha nikwambie ukweli, iliniuma. Usiku ule sikula vizuri. Nikaapa kwamba picha yangu itakayofuata itakuwa na mstari ulionyooka kama rula, na utafika mahali, na huyo mzee atakosa la kusema. Unaona? Nilikuwa nimeshaacha kufikiria picha, nafikiria kumnyamazisha mtu.

Haikupita muda, studio ikapata kazi Lindi, ule mtaa wa mabati jirani na Kisumu Ndogo. Mama Atieno, mjane wa kutoka upande wa ziwa aliyekuwa akiuza mboga, alikuja mwenyewe hadi Kawangware kutuona. Binti yake, Atieno, alikuwa amepata mchumba. Wazazi wa kijana walikuwa wanakuja kutoka nyumbani kumwona yeye mama mtu kwa mara ya kwanza, na aliogopa. Aliogopa watamdharau wakiona anaishi chumba kimoja cha mabati, halafu mtoto wake aachwe kwa sababu hiyo.

"Lakini sitajificha," alimwambia Mzee Kimani. "Kama ni kumkataa mtoto wangu, wamkatae nikiwa nimesimama mlangoni kwangu. Nataka picha ya mtaa wote, na kwangu kuonekane. Hiyo picha itaenda nyumbani, waone nimewakaribisha watu kama mtu."

Mzee alinitazama. "Enda wewe," akasema. "Tafuta mstari unaofika kwa mlango wake." Akarudi ndani kuosha picha zake.

Siku ya wageni nilifika Lindi asubuhi. Nyumba ya Mama Atieno ilikuwa chini kabisa, pale mteremko unapoishia. Maji yalikuwa yamekosekana tangu juzi na asubuhi hiyo ndiyo yalikuwa yamerudi, kwa hivyo kila mtu alikuwa mbioni na mitungi. Mama Atieno alikuwa amevaa leso mpya, ameinama kwenye mtungi wake wa kwanza. Maji yalimfikia kwa paipu nyeusi ya plastiki iliyoteremka kutoka kwa tangi la juu, ikipita baina ya nyumba mpaka mlangoni pake.

"Yawa, afadhali umekuja mapema," akanipigia kelele. "Wacha nijaze maji nianze kupika, nawe piga picha zako."

Nikapanda juu, nikageuka, na moyo ukaruka. Ile paipu! Mstari wenyewe huo, unaanzia miguuni pangu na unafika kwa mlango wa mwenye picha. Kasoro ilikuwa moja tu. Katikati ya mteremko paipu iliacha njia, ikapinda, ikazunguka nyuma ya nyumba ya jirani, halafu ikarudi njiani huko chini. Nikasema moyoni, huyu aliyeitandika alikuwa amelewa.

Sikuuliza mtu. Nilishuka, nikaishika ile paipu kwa mikono miwili, nikaivuta. Ilikuwa nzito, imejaa maji. Nikaivuta tena kwa nguvu mpaka ikatoka nyuma ya nyumba, nikailaza njiani ikapita mbele ya mlango wa yule jirani, imenyooka vile nilivyotaka. Nikapanda mbio, nikaweka jicho kwenye kamera. Haki ya nani, ilipendeza! Nikawa napanga kusema nini Mzee Kimani akikosa maneno.

Hapo ndipo mlango wa jirani ukafunguka. Akatoka bibi mmoja mzee na fimbo yake, Nyanya Rasoa, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alipiga hatua nje kama alivyozoea, mguu ukagonga paipu. Hakuanguka, Mungu ni mkubwa, alishika mwimo wa mlango. Lakini paipu, ambayo nilikuwa nimeshaikaza kwa kuvuta, ilichomoka mahali ilipounganishwa, huku juu karibu na mimi. Maji yakaruka juu, yakanilowesha, yakateremka njiani na matope yote.

"Nani ameleta paipu mlangoni kwangu?" Nyanya Rasoa alikuwa anapiga kelele. "Si tulikubaliana? Nani?"

Watu wakakimbia, mmoja akafunga maji kwa tangi, wengine wakairudisha paipu nyuma ya nyumba na kutafuta ukanda wa tyubu ya baiskeli wa kufungia. Walipomaliza kufunga na kufungulia tena, paipu ikakohoa kidogo ikanyamaza. Maji yalikuwa yamekatika, na hakuna aliyejua yatarudi lini. Mama Atieno alikuwa na nusu mtungi.

Alipanda mpaka nilipokuwa, akaniangalia mimi na ile kamera. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. "Msichana wangu," akasema, "wageni wako njiani." Kisha akaketi juu ya jiwe, akafunika uso na ile leso mpya. Nililia, mwanangu. Nililia kamasi mbele ya watu nisiowajua.

Aliyeniondoa pale ni Nyanya Rasoa. Alikuja polepole akipapasa na fimbo, akauliza msichana wa picha yuko wapi, akaambiwa ndiye huyu analia.

"Paipu ilipoletwa hapa, ilipita mlangoni kwangu," akaniambia. "Nikaanguka, nikavunjika mkono. Huyu Mama Atieno akaenda nyumba kwa nyumba kuwaomba watu paipu izunguke huko nyuma kwao. Wakakubali wote. Hiyo kona uliyoona mbaya ni mimi. Sasa nikuulize. Kama ulitaka kuona vizuri, si ungesonga wewe? Wewe ndio uko na miguu."

Nikazidi kulia.

"Wacha kulia, hatupikii machozi," akaendelea. "Ingia kwangu, kuna mitungi nilijaza mapema. Mpelekee Mama Atieno aanze kupika. Halafu uende Kisumu Ndogo, huko maji hayajakatika. Hiyo kamera nipe mimi nikushikie."

Akaketi mlangoni na kamera ya Mzee Kimani mapajani, nami nikabeba maji. Nilibeba mpaka shingo ikakataa kugeuka. Majirani wengine walibeba pia, na wale niliowamwagia maji yao walinipita njiani wakinicheka, "Sasa, fundi wa paipu!" Nikawa nacheka nao huku nimeshika kiuno, maana ningefanya nini?

Wageni walifika chakula kikiwa bado jikoni, lakini kilikuwa jikoni, na maji ya kunawa yalikuwepo. Chumba hakikuwatosha, wakawekewa viti nje. Mimi nilikuwa ndio naingia na mtungi wa mwisho kwa njia ya juu. Nikautua nikachuchumaa kando ya paipu nipumzike, kwa kuwa miguu ilikuwa imekwisha.

Na nikiwa nimechuchumaa hapo nikaona. Nilikuwa nimesimama wima asubuhi yote, sikuwa nimeona kitu. Kutoka chini, paipu ilianzia gotini pangu, kubwa, nyeusi. Ikateremka, ikapinda kwa Nyanya Rasoa, ikajificha nyuma ya nyumba za waliokubali, ikatokea tena mbele, ikafika mlangoni kwa Mama Atieno. Kwa ile kona jicho lilipunguza mwendo. Liliona mlango wa huyu, nguo za yule zikikauka, mabati ya Lindi yakiendelea mpaka mtaa wa Soweto upande wa pili, kisha likarudi na paipu na kufika. Na kule mlangoni Mama Atieno alikuwa ameshika jagi, anawanawisha wageni mikono mmoja mmoja.

Nilikimbia nikachukua kamera kwa Nyanya Rasoa, nikarudi nikapiga magoti kwenye yale matope niliyoyaleta mwenyewe. Bado walikuwa wanapanga foleni ya kunawa. Ilipofika zamu ya mama wa yule kijana, alinawa, halafu badala ya kwenda kuketi akalipokea lile jagi, akamwambia Mama Atieno alete mikono yake naye anawishwe. Hapo ndipo nilipobonyeza.

Picha ilipooshwa, Mzee Kimani aliilaza mezani. Nikasimama mbele yake, mikono nyuma. Akaweka kidole chini ukingoni, kikaanza kutembea. Kilienda taratibu, kikapinda na paipu, kikangoja kidogo nyuma ya nyumba ya Nyanya Rasoa, kikateremka mpaka kwenye jagi na ile mikono minne. Kikasimama.

"Nimefika," akasema.

Nilitaka kuruka, lakini kidole kilikuwa kimesharudi chini, pale kilipoanzia. Palikuwa na kitu kimefungwafungwa kwenye paipu, kibaya, kinaonekana wazi. "Na hapa kuna nini?"

"Ni ukanda wa tyubu, Mzee. Hapo ndipo nilipoharibu." Nikamwambia yote, mpaka matope, mpaka machozi. Nikamwambia pia kwamba naweza kuukata ule upande wa chini picha ikabaki safi.

Mzee Kimani akaisukuma picha kwangu. "Usikate," akasema. "Mgeni aingilie hapo."

Atieno aliolewa, na picha ile ilikwenda ziwani ikiwa na ule ukanda wa tyubu mbele kabisa.

Sasa nikuambie ninalotaka ushike, mwanangu. Mistari ya kuongoza jicho iko tele huku kwetu, tena ya bure, kuanzia reli hadi kamba za nguo. Lakini hakuna hata mmoja uliotandikwa kwa ajili ya picha yako. Kila mmoja una mwenyewe, na ukipinda kuna mtu aliyeufanya upinde. Kwa hivyo ukiona mstari, kwanza ufuate kwa miguu ujue unafika kwa nani. Usipofika kwa mtu wala kitu, wacha, tafuta mwingine. Na kikitokea kitu unachodhani kinakuharibia, usikisongeshe. Songa wewe. Panda, shuka, chuchumaa, lala chini kama ni lazima, nguo zinafuliwa.

Kesho rudi Kisumu Ndogo kwa yule mama wa omena. Msalimie kwanza, umwambie pole. Muulize amekaa pale tangu lini, na kwa nini pale. Kisha piga magoti kando ya beseni lake, reli ianzie hapo na ifike kwa mtu. Akikataa kupigwa picha, mwambie asante na urudi nyumbani, haki yake.

Mungu akulindie hayo macho yako, mwanangu, na akupe magoti yasiyoona haya kushika matope. Akuongoze ufike kwa watu, na popote utakapofika, ukute mtu amesimama mlangoni na maji ya kunawa.