Mlango Kwenye Nyasi

Mtunza bustani wa jumba lile alikuwa na mikono mipana, kucha zimejaa udongo, na sauti ndogo kama ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Kila Jumatatu Doreen Pask, muuza chai kwenye mazizi ya zamani ya farasi, alimtazama akikata nyasi za uwanja ulioteremka hadi ziwani. Kila alipofika mahali fulani katikati aliizima mashine, akaisukuma polepole kwa mikono, halafu akaiwasha tena. "Mashine imechoka au ni wewe?" Doreen alimtania. "Sote wawili, dada," alijibu, akaendelea na kazi.

Kiangazi hicho mvua ikagoma, kama ilivyogoma mwaka ule mtunza bustani, mzee sasa, alipoanza kazi. Palipokuwa na mawe ya misingi chini ya udongo nyasi zilikauka kabisa, ikajitokeza tena mistari ya manjano: kuta, vyumba, njia. Kilikuwa kijiji kizima, alichokibomoa bwana wa kwanza wa jumba ili madirisha yake yaone ziwa bila moshi wa majiko ya watu. Msimamizi wa jumba alikuja mbiombio. "Mzee, imwagie maji hiyo mistari ifutike. Jumamosi kuna harusi, watu wanataka picha nzuri." Mzee akaburuta mpira wa maji. Doreen alimwona akiufuata ukuta mmoja, ingawa angeweza kuukanyaga tu akapita, hadi mstari ulipoacha nafasi ya mlango, pale pale alipokuwa akiizima mashine. Akavua kofia. Akabisha hodi kwa ile sauti yake ndogo, akangoja kidogo, ndipo akaingia na maji.