Dakika ya Kimya kwa Mtu Ambaye Hajarudi

Tume ya wabunge ilipokuja Kindu kusikiliza mambo ya vita, ilitafuta mkalimani, nami nikajitokeza kabla hawajamaliza kuuliza. Nilikuwa nimetoa riwaya yangu ya kwanza, ambayo kikundi chetu cha waandishi kiliisifu sana, hasa wale ambao hawakuisoma. Niliamini kwamba Kifaransa cha serikali na Kiswahili cha mama zetu vilikuwa vikinisubiri mimi ili vikutane.

Tume ilikuwa ya mahusiano ya nje na haki za binadamu. Wabunge walitaka kumwita waziri wa mambo ya nje mbele ya Bunge, wamuulize kwa nini hajaidai nchi jirani, ambayo askari wake walishika mji wetu wakati wa vita, habari za watu waliochukuliwa. Ili wambane vizuri, walihitaji watu wa kusema nani alichukuliwa, na namna gani.

Kati ya hao alikuwamo mama mkubwa wangu, dada wa mama. Mume wake alikuwa fundi wa reli. Wakati ule treni hazikuja tena, chumvi ilikuwa adimu hata ikazungumzwa kwa kunong'ona, na mimi nilikuwa mtoto wa kulala chini ya meza kila bunduki ziliposikika upande wa mto. Asubuhi moja askari walimkuta fundi huyo akitoka karakana, wakambebesha sanduku la risasi, wakaenda naye kwenye njia ya Punia. Hakurudi. Ndugu walitaka matanga yafanyike, mambo yaishe. Mama mkubwa alikataa. Hakuna aliyeona maiti, hakuna aliyeona kaburi. Kwa hiyo hakuvua kitambaa kichwani kama wafiwa, hakuketi chini, hakulia mbele ya watu. Wanaume waliokuja kumposa huko Alunguli, ng'ambo ya mto, anakolima matembele, aliwajibu kwamba yeye ni mke wa mtu. Katika ukoo wetu hakuna anayeitwa marehemu kabla ya matanga. Anayelitamka neno hilo mbele ya wanawake ameleta msiba, na kilio huanza hapo hapo.

Haya yote niliyajua tangu utoto. Nayasema mapema ili msinitafutie udhuru.

"Mimi nataka jambo moja tu," aliniambia tulipokuwa ndani ya mtumbwi, tukivuka kwenda mjini. "Waulize wale watu walimuweka wapi. Weye utasema vile ninasema, hivyo hivyo."

"Nitasema vizuri zaidi, mama."

"Njo ile 'vizuri zaidi' inaniogopesha."

Ukumbi wa parokia ulijaa. Wanawake wa ukoo walikaa kwenye mabenchi ya mbele. Mimi nilivaa koti la kuazima ambalo mikono yake ilinifika vidoleni, nikasimama kando ya mama mkubwa kama mtu aliyezaliwa kwa ajili ya siku ile. Mwenyekiti wa tume, mbunge mwenye miwani mizito asiyejua Kiswahili, aliuliza kwa Kifaransa swali dogo: mume wako alifanya kazi gani? Hata mtoto wa shule angelitafsiri. Mimi nikavuta pumzi.

"Mama mpendwa," nilisema, "marehemu mume wako, ambaye jasho lake liling'arisha reli za nchi hii, na ambaye msitu ulimmeza kama usiku unavyomeza taa, alikuwa na kazi gani?"

Niliipenda hasa ile taa. Nikanyamaza kidogo ili iwafikie watu.

Kilichowafikia ni lile neno marehemu. Wifi yake mama mkubwa, dada wa yule aliyechukuliwa, alikuwa amezuiwa kumlilia kaka yake miaka yote ile. Akafungua kitambaa chake, akashuka kwenye benchi, akaketi sakafuni, akapiga yowe. Wengine wakamfuata. Mwenyekiti akadhani ushuhuda umegusa mioyo. Alinitazama kwa heshima, na kwa muda mfupi nami nikadhani hivyo hivyo. Kisha akawaomba wote wasimame, dakika moja ya kimya kwa ajili ya aliyefariki. Wabunge wakasimama. Polisi wa mlangoni akavua kofia. Kimya hakikuwapo kwa sababu ya vilio, lakini vichwa vyote viliinama. Jamhuri nzima ikathibitisha kifo nilichokitunga mimi.

Mama mkubwa peke yake alibaki kwenye kiti, kitambaa kichwani.

"Wanafanya nini?" aliniuliza.

"Wanamheshimu bwana yako."

"Nani aliwaambia amekufa?"

"Mimi, mama."

"Uliona maiti?"

"Hapana."

"Basi waambie wakae."

Nikawaambia wawakilishi wa taifa wakae. Sikupata pambo lolote la kuitia sentensi hiyo. Mwenyekiti akauliza kuna nini, nami nikaeleza kwamba kifo hakikuwamo katika swali lake. Kilitoka kwa mkalimani. Alivua miwani, akaifuta, akauliza polepole mama anataka Bunge liulize nini.

Mama mkubwa akasema: "Alikuwa fundi wa reli. Walimuchukua asubuhi, akitoka karakana. Hajarudi. Kama iko muzima, waseme iko wapi. Kama alikufa, waonyeshe fasi ya kaburi, niende nimulilie pale."

Nikatafsiri hivyo hivyo. Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo, na wabunge wote wakaandika.

Wifi yake bado alikuwa sakafuni. "Na sisi tulioanza kulia?"

"Muinuke. Mutalia jibu ikifika."

"Magoti inaniuma. Nani ataniinua?"

"Yule mwenye kuleta kifo."

Niliwainua mmoja mmoja. Wifi, ambaye si mwepesi, alinitegemea uzito wake wote. "Mwembamba namna hii," alisema, "na unajitia kubeba maneno mazito."

Tume ilirudi Kinshasa. Swali lilisomwa Bungeni, na waziri akajibu kwamba ofisi yake inalichunguza. Tangu hapo, kila redio inapotangaza kikao kingine, mama mkubwa huniita nimfasirie Kifaransa. Juzi nilivuka tena, nikasimama shambani kwake redio ikiwa kwenye kisiki, waziri akizungumza kwa muda mrefu. Alipomaliza, nikaanza kumweleza habari za uhusiano mwema na majirani, subira ya mataifa, na njia ndefu ya mazungumzo.

"Nimekuuliza kama walijibu."

"Bado, mama."

"Basi toa muguu. Unakanyaga matembele yangu."